Mazungumzo Baada ya Habari: Maji ya Shimo la Msingi



Katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, mvua zinazoanza mwezi Novemba kwa kawaida hukatika katika mwezi wa Aprili. Anga hutakata, barabara za udongo hukauka, malori ya mchanga na kokoto huanza tena kupita, na kila aliyeweka akiba yake ya kujenga huona kwamba wakati umewadia. Mafundi huitwa, kamba hupigwa, vijana hupewa sururu na makoleo, na kazi ya kuchimba msingi huanza. Siku ya kwanza udongo hutoka mkavu. Siku ya pili hutoka na unyevu. Siku ya tatu, katika kina kisichofika hata kiunoni mwa mtu mzima, maji hutokeza chini ya nyayo za wachimbaji na kuanza kupanda polepole. Vijana hutazamana. Mvua imekwisha; maji haya yametoka wapi?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Ni swali linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, wala si la askari. Lakini mashimo ya misingi ya madaraja na maghala mara nyingi huchimbwa na wahandisi wa jeshi, na shimo linapobomoka usiku likafukia watu, anayegongewa mlango kwanza ni askari polisi. Tena majibu ya swali hili yamekwisha kugharimu fedha nyingi na roho za watu katika nchi hiyo hiyo ya Zambia, kama tutakavyoona.

Ziwa Mweru liko mpakani baina ya Zambia na Kongo. Urefu wake unazidi kilometa 100 na eneo lake ni kama kilometa za mraba 5,000, na uso wake uko meta 917 juu ya usawa wa bahari. Miji ya Nchelenge na Kashikishi iko upande wa mashariki, na ng'ambo ya pili iko Kilwa ya Kongo, ambako mwenyeji atakuamkia kwa Kiswahili cha Katanga. Mto mkubwa unaoingia ziwani ni Luapula, na mto unaotoka, upande wa kaskazini penye mji wa Pweto, ni Luvua. Sasa, Luapula hauji moja kwa moja kutoka milimani. Unatoka katika Ziwa Bangweulu na mabwawa yake makubwa ya mafunjo, na kabla ya kufika Mweru unapita tena katika mabwawa mengine. Mabwawa hayo ni kama sifongo. Mvua ya Januari na Februari huingia humo, hukaa, kisha huachiliwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi kadhaa. Kwa hiyo Ziwa Mweru halijai wakati wa mvua. Hujaa mvua ikiisha kukatika. Kwa wastani maji ya ziwa hufika kimo chake cha juu kabisa mwezi Mei, na kimo cha chini kabisa mwezi Januari, na tofauti baina ya vimo hivyo viwili ni kama meta 1.7.

Tazama basi jinsi kalenda ya mjenzi na kalenda ya ziwa zinavyopingana. Mwezi ule ambao mjenzi anauona mkavu kuliko yote juu ya ardhi, ndio mwezi ambao chini ya ardhi maji yamepanda kuliko yote. Ufuko wa mchanga hauzuii maji. Maji ya ziwa na maji yaliyomo mchangani ni maji mamoja, yanapanda pamoja na kushuka pamoja, ingawa yale ya ardhini huchelewa kidogo. Meta 1.7 zaweza kuonekana ni kidogo. Lakini mahali ambapo ardhi imelala, ikishuka meta moja tu kwa kila hatua mia, ukingo wa maji husogea karibu hatua 170 kati ya Januari na Mei. Dr. Livingstone alifika katika ziwa hilo tarehe 8 Novemba, 1867, yaani wakati ambapo maji yake huwa yamekwisha kupungua. Lau angaliamua kujijengea nyumba pale pale aliposimama kulitazama, huenda mwezi Mei uliofuata angalilazimika kulala mtumbwini.

Asidhani mtu kwamba kosa la kusoma vibaya kalenda ya maji ni la mafundi wa vijijini tu. Lilipojengwa bwawa la Kariba katika Mto Zambezi, kati ya mwaka 1955 na 1959, walikuwapo wahandisi wenye sifa kubwa na mitambo ya kila aina. Ili kupata mahali pakavu pa kuweka msingi katikati ya mto, walijenga ukuta wa muda wa kuzuilia maji, wakayavuta maji yaliyokuwa ndani yake, wakaanza kazi. Mwaka 1957 mto ulifurika, ukaharibu sehemu ya ukuta ule. Wakahesabu kwamba mafuriko ya namna ile hayatarudi upesi. Mwaka uliofuata, 1958, maji yalipanda juu zaidi ya yale ya mwaka uliotangulia kwa kiasi cha meta 3, yakauzamisha tena ukuta wa muda na kulichukua daraja la kupitia. Kazi iliendelea na bwawa likamalizika, lakini mto ulikuwa umekwisha kusema kauli yake.

Turudi Nchelenge. Shimo limekwisha kuchimbwa, fedha za saruji zimekwisha kulipwa, na maji yamo ndani. Afanyeje mjenzi?

Njia ya kwanza, iliyo ya zamani kuliko zote, ni ile ya mabaharia. Ninyi mliotoka pwani mnajua kwamba maji yanayoingia chomboni hayafuliwi kila mahali. Yana mahali pake pa kukusanyika, ngamani, na mwenye zamu ya kufua husimama hapo na ndoo yake. Shimo la msingi nalo huhitaji ngama. Katika pembe moja, nje ya mahali utakapokaa msingi wenyewe, huchimbwa kishimo kingine, kirefu zaidi ya sakafu ya shimo kwa nusu meta au zaidi. Ndani yake hutiwa pipa lililotobolewa matundu, na kuzunguka pipa hujazwa kokoto. Kisha chini ya kingo za shimo, pande zote, hukatwa vifereji vidogo vyenye kuelekea kwenye pipa hilo. Mpira wa pampu hutiwa ndani ya pipa, si penginepo. Maji huja yenyewe kwa pampu, na mahali pa kumwaga zege hubaki pakavu. Jambo hili ni la lazima, kwani zege likimwagwa ndani ya maji yanayotembea, saruji huoshwa ikaenda zake na kubaki mchanga na kokoto. Ukuta utasimama juu yake mwaka mmoja au miwili, kisha utapasuka.

Nilipata kusimama kando ya shimo moja la namna hiyo, si mbali sana na ziwa. Palikuwa na pampu nzuri, mpya, inanguruma tangu alfajiri, na fundi wake alijivuna nayo sana. Maji yalitoka mpirani kwa nguvu, lakini shimoni hayakupungua hata kwa upana wa kidole. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu kivulini akamwambia fundi, "Mwanangu, hebu fuata mpira wako uone unaishia wapi." Ulikuwa unaishia hatua kumi tu kutoka shimoni, juu kidogo ya shimo lenyewe, katika mchanga mtupu. Maji yalikuwa yanazama pale, yanapita chini kwa chini, na kurudi shimoni. Kutwa nzima pampu ile ilikuwa ikizungusha maji yale yale, na dizeli ilikuwa ikiungua. Kwa hiyo, kabla ya kununua pampu kubwa zaidi, mpira upelekwe mbali zaidi, upande wa chini, ndani ya mfereji uliosakafiwa au wa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji upesi.

Kipimo cha kujua shimo linaingiza maji kiasi gani ni rahisi, wala hakihitaji mtaalamu. Zima pampu. Chomeka fimbo yenye alama, hesabu saa moja, utazame maji yamepanda kiasi gani. Shimo la meta 10 kwa meta 10 ambamo maji yamepanda sentimeta 10 kwa saa moja linaingiza meta za ujazo 10, yaani lita 10,000, au mapipa 50 ya lita 200. Pampu isiyoweza kutoa mapipa 50 kwa saa haitalikausha shimo hilo hata ikikesha. Na ikiwa inaweza kutoa mapipa 55 tu, ikizimika kwa saa moja itakuchukua karibu kutwa kulipa deni hilo.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo limewaua watu. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kama watu wanavyofikiri. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa iliyoko nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo wa hewa una kikomo. Kando ya bahari hauwezi kupandisha maji zaidi ya meta 10 na kidogo, hata pampu iwe na nguvu namna gani. Katika kimo cha Ziwa Mweru, ambako hewa ni nyepesi zaidi, kikomo hicho hushuka hata kufika kama meta 9. Na kwa kuwa mipira huvuja na maji hukwaruzana na kuta za bomba, katika kazi za kila siku hutegemewi kupata zaidi ya meta 6 au 7. Shimo likizidi kina hicho, pampu iliyoko juu hunguruma bure.

Hapo ndipo fundi asiye na subira hufanya kosa. Huichukua pampu pamoja na injini yake na kuishusha shimoni. Maji yanaanza kutoka na watu wanafurahi. Lakini moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na shimo jembamba lenye kina halina upepo wa kuiondoa. Mtu anayeivuta hulegea miguu kwanza, kisha hulala. Mwenzake huona ameanguka, huruka kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu vivyo hivyo. Ndugu zetu polisi na askari wa zimamoto, hili ni lenu. Mkiitwa mahali ambapo watu wawili au watatu wamelala ndani ya shimo au kisima penye injini, msiruke. Zimeni injini ikiwa inaweza kuzimwa kutoka juu, pelekeni hewa ndani kwa njia yoyote iliyopo, na atakayeshuka ashuke na kifaa cha kupumulia, amefungwa kamba, na kamba hiyo ishikwe na watu walioko juu. Kishujaa ni kushuka mbio, lakini mashujaa wa namna hiyo mara nyingi hutolewa shimoni wakiwa wamekwisha kufa.

Kwa shimo lenye kina kirefu iko pampu ya aina nyingine, ile inayozamishwa ndani ya maji yenyewe na kuyasukuma juu badala ya kuyavuta. Hiyo haifungwi na kikomo cha meta 6 wala 9. Hutumia umeme, na kwa hiyo waya wake usiwe na kiungo kilichofungwa kwa kitambaa, na pasiwe na mtu majini wakati umeme unapowashwa.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba maji ndiyo adui peke yake. Katika mchanga mwembamba wa ufukoni, mchanga wenyewe ni adui wa pili. Maji yaliyoko nje ya shimo yamesimama juu. Sakafu ya shimo iko chini. Basi maji huzunguka chini ya kingo na kupanda katikati ya sakafu. Ukivuta upesi na kwa kina kirefu, nguvu ile ya kupanda hulingana na uzito wa chembe za mchanga, na mchanga hupoteza uzito wake. Sakafu iliyokuwa ngumu asubuhi hugeuka kuwa uji. Huonekana inachemka, kama chungu cha ugali kilichokaribia kuiva, na mtu akiikanyaga huzama magotini. Kisha kingo, ambazo zilikuwa zimekalia mchanga ule, huanguka. Wahandisi waliueleza mwenendo huu kwa hesabu katika karne iliyopita, lakini wachimbaji walikuwa wameuona zamani sana. Uingereza, katika miaka ya 1830, reli ya London na Birmingham ilipokuwa inajengwa, njia ya chini ya ardhi ya Kilsby ilikumbana na mchanga wa namna hiyo, na mhandisi Robert Stephenson alilazimika kuchimba visima pembeni mwa njia na kuvuta maji kwa mitambo ya mvuke kwa muda mrefu kabla ya kuweza kuendelea. Njia ile ilifunguliwa mwaka 1838.

Maarifa ya Kilsby ndiyo yanayotumika hata leo. Badala ya kungoja maji yaingie shimoni ndipo yatolewe, yanakatwa kabla hayajafika. Kandokando ya shimo huzamishwa mabomba membamba yenye chujio chini, yakaunganishwa juu kwa bomba moja kubwa lenye pampu, na maji ya ardhini hushushwa mahali pote pale kabla sururu ya kwanza haijapigwa. Hapo mchanga hukaa umekauka na kingo husimama. Pasipokuwa na mabomba hayo, vipo visima vinne vya kawaida, kimoja kila pembe, nje ya shimo, virefu kupita sakafu yake. Ni kazi zaidi mwanzoni. Lakini iko alama moja ambayo kila msimamizi anaweza kuitazama bila gharama yoyote: ateke ndoo moja ya maji yanayotoka mpirani, aiache itulie, kisha aimwage taratibu na kutazama chini. Akikuta mchanga kila mara, ajue kwamba pampu yake haitoi maji tu, inatoa ardhi. Na ardhi hiyo inatoka chini ya kitu fulani, pengine chini ya nyumba ya jirani ya matofali mabichi.

Kosa jingine hutokea mwishoni, kila mtu akiwa amechoka. Tangi la zege la maji machafu limekwisha kujengwa, bado tupu, udongo haujarudishiwa pembeni wala juu, na mwenye kazi anataka kuokoa dizeli; anazima pampu. Maji ya nje hupanda. Tangi lenye meta 4 kwa meta 4, likizungukwa na maji ya kina cha meta 2, husukumwa juu kwa nguvu ya tani 32, na mara nyingi uzito wa zege lake haufiki hapo. Asubuhi hukutwa limenyanyuka na kukaa upande kama jahazi lililopwelewa. Pampu haizimwi mpaka tangi liwe na uzito wa kutosha, ama kwa udongo ama kwa kulijaza maji.

Sasa tuje katika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Maji yakiisha kutolewa, yanapelekwa wapi?

Zambia ina nchi moja ya kuvuta maji kuliko mahali pengi duniani, nayo ni Mkoa wa Shaba. Katika mgodi wa Konkola, mjini Chililabombwe, hutolewa zaidi ya meta za ujazo 300,000 kila siku ili watu waweze kuchimba. Vijana wengi wa Luapula, kutoka Nchelenge, Kazembe na Mwense, walikwenda kufanya kazi katika migodi ya mkoa huo tangu enzi za ukoloni. Na katika mkoa huo huo, mjini Mufulira, alfajiri ya tarehe 25 Septemba, 1970, tope la mabaki ya mawe yaliyosagwa, lililokuwa limelundikwa pamoja na maji yake juu ya ardhi, lilitoboka na kuingia mgodini wakati zamu ya usiku iko kazini. Watu 89 walikufa. Tope lile lilikuwa limewekwa juu ya vichwa vya watu kwa sababu pale ndipo palipokuwa karibu.

Shimo la msingi la Nchelenge si mgodi wa Mufulira. Walakini desturi ya kumwaga maji mahali palipo karibu ni ile ile. Kando ya ziwa, mahali palipo karibu huwa ni mojawapo ya matatu. Ya kwanza ni uwanja wa jirani, ambamo kuna choo cha shimo. Maji yakimwagwa hapo, choo hujaa na kufurika. Ya pili ni ziwa lenyewe, pale pale mitumbwi inapotia nanga na akina mama wanapoteka maji ya kunywa. Maji ya shimo yaliyotoka katika ardhi yenye vyoo pande zote si maji safi hata yakionekana meupe. Kipindupindu si hadithi katika sehemu hizo. Katika mlipuko wa mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya za Zambia zilizopata wagonjwa. Ya tatu ni kuyaacha yakae katika shimo la zamani lililotelekezwa, ambamo huzaliana mbu. Na Nchelenge ni mojawapo ya wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, malaria isiyopumzika mwaka mzima, kama wajuavyo wauguzi wa Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi.

Zaidi ya hayo, maji yakivutwa kwa wiki nyingi, visima vifupi vya jirani hukauka. Mama aliyezoea kuteka uani kwake hulazimika kwenda ziwani, kwa sababu ya jengo ambalo pengine hata hakuambiwa kwamba litajengwa. Msimamizi wa kazi anapaswa kuvihesabu visima vilivyo jirani kabla ya kuwasha pampu, apime kina cha maji yake, na awaambie wenyewe mapema ni siku ngapi watapungukiwa. Ikiwa visima vitakauka, mwenye kujenga ndiye wa kuwapelekea maji kwa pipa, na gharama hiyo ihesabiwe pamoja na saruji na nondo.

Tusidhani kwamba haya ni ya Zambia peke yake. Sisi tulio na Ziwa Tanganyika tuliona mwaka 2024 jinsi ziwa hilo lilivyopanda na kuingia katika majumba, bandari na barabara, kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kalemie, na Kigoma yetu haikusalimika. Watakaojenga upya kando ya ziwa hilo watachimba katika mchanga ule ule wenye maji.

Kuhusu wakati, kwa ufuko wa Mweru mambo ni haya. Misingi ya kina kifupi, iliyo mbali na ziwa, yaweza kuchimbwa tangu Juni. Mashimo ya kina, yaani matangi, nguzo za gati na vituo vya kusukumia maji, yangoje mpaka ziwa lishuke, na yachimbwe kati ya Agosti na Oktoba, zege likiwa limekwisha kushika kabla mvua za Novemba hazijafika. Miezi mitatu si mingi. Kwa hiyo vifaa vyote vinunuliwe na kufikishwa mahali pa kazi wakati wa kungoja, badala ya watu kukaa bure mwezi Juni na kuanza kutafuta saruji mwezi Septemba.

Limebaki moja, nalo ni lenu kabisa ndugu askari. Shimo lililo chini ya maji ya ardhini halilali usingizi. Mafundi huondoka saa kumi na mbili jioni, lakini maji hayaondoki. Anayeachwa usiku ni mlinzi, na mara nyingi ni mlinzi asiyeambiwa analinda nini. Anadhani analinda mifuko ya saruji. Mwizi yeye anajua zaidi: huja na dumu, hunyonya dizeli katika tangi la pampu, na kwenda zake. Dizeli ya lita ishirini huleta fedha kidogo sokoni, lakini pampu ikizimika saa nane za usiku, alfajiri shimo limejaa, kingo zimelegea, na vijana wanaoteremka asubuhi kuendelea na kazi wanateremka katika kaburi lililo wazi. Kituo cha polisi kinapoletewa shauri la dizeli iliyoibwa penye kazi ya namna hiyo, lisiandikwe kama wizi wa dumu moja tu. Apelekwe askari akatazame shimo, na watu wasiruhusiwe kuteremka mpaka kingo zikaguliwe.

Wahandisi wa jeshi wana desturi nzuri ya kulifanya shimo kuwa lindo. Mlinzi hupewa taa, fimbo yenye alama iliyochomekwa katika kile kishimo cha pembeni, kalamu na daftari. Kila saa moja huandika maji yamefika alama gani, dizeli imebaki kiasi gani, na maji yanayotoka mpirani ni meupe au yana mchanga. Pampu ya pili, hata iwe ndogo, hukaa kando ikiwa imejazwa mafuta, na huwashwa mara moja kila siku ili ijulikane kwamba inafanya kazi. Alama ikipanda kwa saa mbili mfululizo, mlinzi hangoji kukuche, humwamsha msimamizi. Saa kumi na mbili asubuhi daftari hilo hukabidhiwa kwa fundi mkuu, naye akiisha kulisoma ndipo huamua kama siku hiyo watu watateremka kumwaga zege, au watakaa juu.